Mama ana 71 kwenye pasipoti, 68 kwa mama mkubwa: limfoma ya ubongo na mpaka wa umri

Korosho Ghafi (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Ni msomaji wa jukwaa hili miaka mingi, leo nimelazimika kuandika. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Naishi Uingereza na mama yangu, mzaliwa wa Ndanda, Masasi. Mwezi wa tatu alianza kutia majani ya chai mara mbili. Anatia, anageuka kuchukua sukari, akirudi anatia tena. Chai inatoka nyeusi kama lami, tunacheka, naye anacheka. Wiki mbili mbele akawa analala saa kumi na moja jioni na mguu wa kushoto anauburuza. Daktari wa mtaani akasema ni sonona, akampa vidonge. Simu za nyumbani zikasema ni uzee, mwache mama apumzike. Mmoja akasema jini, huyo sikumjibu.

Alipoanguka bafuni ndipo tukafika hospitali. CT ikaonyesha kitu, wakamwanzishia deksamethasoni usiku uleule kupunguza uvimbe. Siku ya tatu mama kaamka, kaomba uji, kaniuliza mbona nimekonda. Ukoo mzima ulipiga vigelegele kwenye simu. Walipokuja kuchukua kinyama (kipande kidogo cha kupima maabara), uvimbe ulikuwa umenywea na maabara hawakuona kitu. Dawa ikaachishwa, tukakaa tunasubiri ugonjwa urudi (nani amewahi kusubiri ugonjwa urudi?), ukarudi, wakatoboa tena. Limfoma ya seli B kubwa (saratani ya seli za kinga), iko kwenye ubongo tu, kwingine kote safi. Wiki nne zilikwenda hapo.

Sasa swali langu. Kwenye kikao cha madaktari walitaja tiba ya dawa nne inayoitwa MATRix, wakasema mwisho wake miaka 70, na mama pasipoti inasema 1 Januari 1953, yaani 71. Mnajua hiyo 1 Januari ilipotoka. Karani aliuliza umezaliwa lini, mama akasema sijui, karani akaandika. Mama mkubwa anaapa kwamba mama alimfuata mjomba, na mjomba ana cheti cha ubatizo cha Desemba 1954. Kwa hesabu hiyo mama hawezi kuwa amezaliwa kabla ya 1956. Ana 68!

Je, niende na cheti cha mjomba kwa madaktari? Au nitaonekana kichaa?

Chai Maharage

Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, nasubiri wataalamu.

Kiboko ya Wajuaji

Mkuu usiende na cheti cha mtu mwingine ofisini kwa wazungu, watafungua na kesi ya uhamiaji. Mama 71 au 68 yote ni bibi. Mtafutie mlonge, asubuhi kijiko kimoja, jioni kimoja. Mengine mwachie Mungu.

Dokta wa Zamu

Pole dada (au kaka). Nafanya kazi upande wa magonjwa ya damu. Sijamwona mama yako, kwa hiyo chukua haya kama maelezo, si maagizo.

Kwanza hiyo 70 ilipotoka. MATRix ilipimwa kwenye utafiti ulioitwa IELSG32, wagonjwa 219. Walipokea watu wa miaka 18 hadi 70, na waliokuwa kati ya 66 na 70 walipokelewa endapo tu bado wanajimudu vizuri. Dawa ni methotreksati kwa dozi kubwa, sitarabini, rituksimabu na thiotepa. Waliopata zote nne, baada ya miaka saba 56 kwa kila 100 walikuwa hai. Waliopata mbili za kwanza pekee walikuwa 21. Matokeo mazuri sana kwa ugonjwa huu. Lakini ndani ya utafiti huohuo, wagonjwa 13 waliuawa na tiba yenyewe, na hao ni watu waliochaguliwa. Kwa hiyo 70 ni mahali watafiti walipoogopa kuvuka. Mwili wa mtu haubadiliki usiku wa kuamkia siku yake ya kuzaliwa.

Tena mpaka wa uzee kila mtafiti kauchora pake. Kipimo cha kukadiria hatari kilichotoka 2003 kinahesabu uzee kuanzia 60. Kile cha New York cha 2006 kinaanzia 50: waliokuwa chini ya 50 nusu yao waliishi zaidi ya miaka minane na nusu, waliovuka 50 lakini wanajihudumia miaka mitatu na kidogo, waliovuka 50 na hawajihudumii mwaka mmoja na kidogo. Soma tena hayo makundi mawili ya mwisho. Wote wamevuka 50. Kilichowatenganisha ni kuweza kuoga, kuvaa na kutembea.

Ile ya 2003 nayo inahesabu mambo matano: umri, kujimudu, kimeng'enya cha LDH kwenye damu, protini kwenye maji ya uti wa mgongo, na kama uvimbe umekaa ndani sana ya ubongo. Mwenye moja au bila hata moja, 80 kwa 100 wako hai baada ya miaka miwili. Mwenye manne au matano, 15. Umri ni kura moja kati ya tano.

Nipe uzito wa mama, kreatinini yake (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi), na dawa zote anazokunywa. ZOTE, pamoja na za kutumiwa kutoka nyumbani.

Na wewe Kiboko, mlonge uache kwenye ugali wako. Mtu anayeingiziwa methotreksati figo zake hazihitaji mgeni.

Korosho Ghafi

Ni dada 😊. Asante sana dokta. Uzito kilo 58. Kreatinini 76. Dawa: ya presha, deksamethasoni wameshaanza kuipunguza, na diklofenaki ya magoti. Hiyo ananunua mwenyewe kila akienda likizo Mtwara, anarudi na maboksi. Hospitali hawakuuliza nasi hatukusema, maana tuliona ni ya magoti tu.

Dokta wa Zamu

Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Methotreksati inatoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikiwa nzito dawa inakaa, inachoma mdomo, utumbo, uboho, na figo zenyewe zinazidi kuziba. Ndiyo maana kinachoogopwa kwa mzee ni figo zaidi ya mvi. Kuna hesabu ya zamani ambayo madaktari wengi bado wanaitumia: chukua 140, toa umri, zidisha kwa uzito, kwa mwanamke zidisha tena kwa 1.04, gawa kwa kreatinini. Tuifanye pamoja.

Kwa umri wa pasipoti: 140 toa 71 ni 69. Mara 58, mara 1.04, gawa kwa 76. Unapata kama 55, yaani mililita za damu ambazo figo zinasafisha kwa dakika.

Kwa umri wa mama mkubwa: 140 toa 68 ni 72. Ukimaliza hesabu unapata 57.

Umeona? Ukishinda kesi nzima ya pasipoti, na mjomba akaletwa kama shahidi, umepata mililita mbili kwa dakika. Diklofenaki inaweza kuwa inakunyang'anya zaidi ya hapo. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinabana damu inayoingia kwenye figo, na zikikutana na methotreksati ya dozi kubwa zinaizuia isitoke. Waambie hospitali LEO. Uliza na septrini, na dawa za asidi ya tumbo kama omeprazoli, kama zimo kwenye orodha. Zote hizo zinaweza kuchelewesha methotreksati kutoka.

Chai Maharage

Haya ndiyo madini sasa. Mama yangu naye ana diklofenaki kwenye mkoba kama pipi.

Mjukuu wa Mzee

Dada pole. Mimi nitasema kitu ambacho huenda hakitapendwa.

Babu yangu mzaa baba alipata ugonjwa huuhuu akiwa na 79. Kuanguka, kusahau, jicho moja kuona ukungu. Alipoelezwa kuhusu dripu za siku tano tano hospitali, akauliza: nikipona nitakuwa na miaka mingapi? Akajibiwa. Akasema hapana. Akapewa deksamethasoni, akarudi nyumbani. Alikaa wiki tisa. Wiki sita za mwanzo alikuwa yeye, anasimulia, anadai madeni yake. Tatu za mwisho alilala. Hatujutii. Kuna watu humu watakuambia pambana, pambana. Muulize mama kwanza, tena muulize akiwa mzima wa akili, asubuhi.

Korosho Ghafi

Asante ndugu yangu, sijaudhika hata kidogo. Nilimuuliza. Alisema "mimi sijachoka, nimeumwa." Nimeishia hapo.

Ila jana usiku nilifanya kosa la kuingia mtandaoni. Nikakuta utafiti wa Marekani, unasema waliovuka miaka 70 wenye limfoma hii wanaishi miezi saba. Miezi saba! Nimekaa kwenye ngazi mpaka alfajiri.

Dokta wa Zamu

Najua unaousema, ulitoka 2018. Walichukua kumbukumbu za saratani za Marekani za miongo minne. Kwa wagonjwa wote kwa jumla, muda wa kati wa kuishi (nusu yao wanauvuka, nusu hawaufikii) uliongezeka kutoka miezi 12 na nusu miaka ya 1970 hadi 26 miaka ya 2010. Kwa waliovuka 70 ulitoka miezi 6 ukafika 7. Miaka arobaini ya maendeleo, wazee wakaambulia mwezi mmoja. Hata wenye fani uliwauma.

Lakini namba hiyo ina nini ndani yake? Wamo waliogunduliwa wakiwa hawana fahamu. Wamo ambao hawakupewa chochote. Wamo waliopewa mionzi ya kichwa kizima peke yake, na tiba hiyo kwa mzee tunajua inavyokwenda tangu utafiti wa 1992: walio chini ya 60 muda wa kati ulikuwa miezi 23, waliovuka 60 miezi 7 na ushee. Mama yako unamlinganisha na kapu lenye watu ambao hawakuwahi kuonja dawa anayotaka kupewa.

Linganisha na huu. Wajerumani walifanya utafiti wa wazee watupu, PRIMAIN, kuanzia miaka 65 kwenda juu, watu 107, umri wa kati 73. Waliwapa rituksimabu, methotreksati ya dozi kubwa na prokabazini ya vidonge. Mwanzoni kulikuwa na dawa ya nne, lomustini, wakaitoa njiani kwa sababu ilikuwa inawaumiza wazee. Baada ya miaka miwili 47 kwa 100 walikuwa hai. Si sherehe, lakini pia si miezi saba. Nisikufiche: hao walikuwa wazee ambao daktari aliwatazama akaona wanaweza kuhimili dripu. Mama naye ametazamwa akaonekana hivyo, au siyo?

Ninavyoona mimi, na wenzangu wengine hatukubaliani hapa, kwa miaka mingi tuliwanyima wazee dawa kwa kuwaonea huruma, kisha tukaandika kwamba wazee hawafanyi vizuri.

Bi Nesi

Naunga mkono, halafu niongeze upande wa pili wa umri, maana huku kwetu sura ya ugonjwa ni nyingine.

Nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka ishirini, sitataja wapi. Wengi niliowaona na uvimbe wa namna hii walikuwa vijana. Miaka 29, 34, 41. Wana VVU, ama hawajui ama waliacha dawa, CD4 (hesabu ya seli za kinga) imeshuka chini ya 50. Kinga ikilala kiasi hicho, kirusi cha Epstein-Barr ambacho karibu sote tunacho kinapata nafasi ya kufanya seli za B zizaliane ovyo kichwani. Shida ni kwamba kwenye picha inafanana na toksoplasma, maambukizi ya vimelea kwenye ubongo. Kwa hiyo mgonjwa anaanzishiwa dozi ya toksoplasma kwa kubahatisha, tunahesabu siku. Wiki mbili bila nafuu ndipo watu wanaanza kusema limfoma, na hapo kijana amekwishapooza upande.

Mmoja simsahau, alikuwa fundi wa friji. Alikuwa ananiambia nimnong'oneze, kwa sababu sauti ya kawaida ilikuwa inampiga kichwani. Hakuwa na 35. Ujana haukumsaidia kitu kwa sababu kinga yake ilikuwa ya mtu wa miaka mia. Siku hizi wakianzishiwa ARV mapema na kupata methotreksati wapo wanaopona, jambo ambalo nikianza kazi hatukulisikia.

Na hilo la deksamethasoni, dada, si kwako tu. Huku inachomwa kabla hata mgonjwa hajavuliwa viatu. Kama ubongo unakandamizwa na mtu anakufa, ichomwe. Kama kuna nafasi, kinyama kwanza.

Kiboko ya Wajuaji

Nimewasoma. Nafuta la mlonge. Ila naomba kuuliza, kwa nini wasimpige mionzi tu wamalize? Shemeji yangu alipigwa mionzi Ocean Road ya kitu kingine, yuko vizuri mpaka leo.

Dokta wa Zamu

Swali zuri, safari hii umekuja na adabu 😄

Limfoma ya ubongo haikai mahali pamoja. Picha inaonyesha uvimbe mmoja lakini seli zimeshatambaa kotekote, ndiyo maana hata kuikata kwa upasuaji si tiba. Ukitaka mionzi ifanye kazi lazima upige kichwa kizima. Uvimbe unayeyuka vizuri mno, familia inashukuru. Miezi inapita. Kisha mtu anaanza kupoteza kumbukumbu, anatembea kwa kukokota nyayo kama ameganda sakafuni, mkojo unamtoka. Ubongo wa ndani umeungua polepole. Hatari hiyo ni kubwa hasa kwa waliovuka 60, na zaidi wakiwa wamepata na methotreksati. Kwa kijana kuna mjadala. Kwa mzee, wengi wetu tunaiweka akiba, kwa siku ambayo hakuna kingine.

Kuna na njia ya tatu, kuvuna seli shina za mgonjwa mwenyewe, kumpa dawa kali, kisha kumrudishia. Zamani tulisema ni ya chini ya 60. Wajerumani wameijaribu kwa watu 51 waliovuka 65, umri wa kati 71, na baada ya mwaka mmoja karibu 59 kwa 100 walikuwa hai bila ugonjwa kusonga. Sisemi mama aikimbilie. Nasema mpaka bado unasogea.

Korosho Ghafi

Wakuu, nimerudi. Wiki sita zimepita, samahani kwa ukimya.

Diklofenaki nilisema siku ileile. Mfamasia wa wodi alivua miwani. Wakaisimamisha, wakamjaza maji, siku kumi baadaye kreatinini ikashuka kutoka 76 hadi 68. Nilipiga hesabu ya dokta mwenyewe, kwenye basi, kwa umri uleule wa pasipoti: 61. Mililita sita, bila kumsumbua mjomba.

Hata hivyo MATRix hawakumpa. Walisema kwa jinsi alivyokuwa anashikwa mkono kwenda chooni wangemvunja. Wamempa ile ya PRIMAIN, rituksimabu na methotreksati na prokabazini. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, ila yule daktari alikaa kitandani kwa mama akamweleza yeye, si mimi, na mama akakubali kabla sijafungua mdomo.

Kwa wanaokuja nyuma yangu, ikoje: unaingia siku moja kabla, wanakutundikia maji yenye sodiamu baikaboneti. Kila haja ndogo inapimwa kwa karatasi, ikiwa bado na asidi dripu haianzi. Mama kachoka, kaniambia "hata mtihani wa darasa la saba sikusahihishwa hivi." Methotreksati yenyewe ni ya njano kama Fanta, inaisha kwa saa chache. Baada ya saa 24 wanaanza asidi ya foliniki ya kumwokoa, na wanapima damu kila siku mpaka dawa ishuke chini ya 0.1 (mikromoli kwa lita). Mzunguko wa kwanza ilituchukua siku sita kushuka. Wa pili, nne.

Ugomvi mkubwa umekuwa prokabazini. Ukiwa nayo huruhusiwi vyakula vilivyokaa na kuchacha, jibini za zamani, wala samaki wa kukausha. Mama alikuwa na ng'onda kwenye friza, wa kutoka Mikindani, amewatunza tangu Krismasi. Nimewafungia kwa jirani. Hanisemeshi.

MRI ya baada ya mzunguko wa pili: umebaki chini ya nusu. Mguu unanyanyuka.

Bi Nesi

Alhamdulillahi. Mrudishie ng'onda wake siku ya kumaliza vidonge, lakini uliza kwanza angoje siku ngapi. Dawa nyingi za namna hiyo zinahitaji wiki mbili.

Chai Maharage

Na umri je? Tuliahidiwa cheti.

Korosho Ghafi

Ah, hilo. Binamu alikwenda parokia Ndanda, akaonyeshwa daftari la ubatizo. Jina la mama limo mara mbili. Moja 1953, moja Novemba 1956, baba yuleyule, mama yuleyule. Nikampigia mama mkubwa video, nikamweka na mama. Mama mkubwa akanyamaza, kisha akasema wa 1953 alikuwa mtoto mwingine, alikufa kwa surua kabla hajatembea, mama alipozaliwa akapewa jina lake. Hakuna aliyewahi kutuambia.

Mama alisikiliza, akauliza kama aliyekufa alizikwa palepale kijijini. Akaambiwa ndiyo, chini ya mwembe, ila mwembe ulishakatwa. Akasema basi.

Sijawaambia hospitali. Mzunguko wa tatu ni Jumanne. Leo kapika chai mwenyewe na majani katia mara moja, nilikuwa nimesimama mlangoni nahesabu.